Dosie ya kazi haingojei diploma



Kila mara tukikaa pamoja nyuma ya masomo, swali linalorudi ni hili: "Nikiisha kupata diploma, nitapata kazi wapi?" Hakuna mtu anayeweza kumwahidi mwingine kazi, hata mimi siwezi. Lakini kuko kitu kimoja tunachoweza kutayarisha sisi wenyewe tangu leo, nacho ni dosie ya kazi. Nataka kueleza namna ya kuikusanya, kuipanga na kuilinda.

1. Dosie ya kazi ni nini?

Mtihani wa Taifa, tunaouita Exetat, ulianzishwa mwaka 1967. Diploma yake ni mlango wa kwanza kwa kila mtu aliyemaliza sekondari. Lakini diploma inasema jambo moja tu: kwamba umefaulu, katika seksio fulani, kwa asilimia fulani. Haisemi kama unajua kushika kitabu cha sanduku, wala kama unaweza kusimama mbele ya watoto 60 wakanyamaza na kusikiliza. Sasa mwenye kutoa kazi akiwa na barua 40 juu ya meza, na zote ziko na diploma ileile, atatazama nini tena? Atatafuta alama ya kile ulichokwisha kufanya.

Dosie ya kazi ni mkusanyo wa alama hizo. Imepita CV. CV ni maneno yako mwenyewe juu yako. Dosie inaonyesha kwamba maneno hayo ni ya kweli.

2. Makaratasi ya lazima

Kwanza ni makaratasi ya kukutambulisha: hati ya kuzaliwa, na karti ya uchaguzi, ambayo kwetu imetumika miaka mingi sawa kitambulisho. Kisha ni ya shule: buletini za kila mwaka, na zaidi za miaka miwili ya mwisho kwa sababu universite zinaziomba. Diploma yenyewe mara nyingi inachelewa kufika. Kwa hiyo usisahau kuomba shuleni atestasio ya kwamba umefaulu, mbele ya kuondoka hapa.

Haya kila mtu anayo, basi sikawii hapo.

3. "Lakini mimi sijafanya kazi hata siku moja"

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Wanasoma tangazo, wanaona "eksperiansi," wanakunja karatasi. Lakini tutazame vizuri, seksio kwa seksio.

Wewe wa pedagojia, umefanya staji katika shule za msingi. Fishi zako za matayarisho ziko wapi? Chagua tatu zilizo safi, zile mwalimu wa staji aliandika pointi na kutia sahihi. Hiyo ni kazi uliyoifanya, na kuko mtu aliyeiona.

Wewe wa komersiale, kama umesaidia butiki ya shangazi wakati wa likizo, ulikuwa unaandika franga zilizoingia na zilizotoka. Nakili kurasa mbili za daftari, kwa ruhusa ya shangazi.

Wewe wa kilimo, andika shamba lako la maharagi: tarehe ya kupanda, mbegu gani, ukubwa wa shamba, kilo ngapi ulivuna, ugonjwa gani uliingia na ulifanya nini. Na kama kwenu mnatengeneza jibini, andika litre za maziwa zilizoingia na jibini zilizotoka kila juma. Jibini ya Masisi inajulikana mbali, lakini watu wachache wanaweza kuonyesha kwa hesabu namna inavyofanyika.

Wewe wa kushona, piga picha ya nguo ulizoshona na uweke patroni pembeni.

Na hata nje ya seksio kuko mambo. Aliyekuwa sekretari wa kwaya, aliyeandika majina ya familia siku ya kugawa chakula, aliyefundisha watu wazima kusoma, wote wamefanya kazi. Tena kuko lugha. Hapa kwetu mtu mmoja anaweza kujua Kihunde, Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa, na upande wa Walikale Kinyanga. Shirika linalokuja kufanya kazi hapa linahitaji mtu wa kumwuliza mama mzee kwa lugha yake, na kuandika ripoti kwa Kifaransa siku ileile. Andika lugha zako, na useme kila moja unaisema tu au unaiandika pia.

Usifikiri kwamba kazi ni ya mwalimu na ya muganga tu. Mgodi wa Bisie kule Walikale ulianza kutoa kasiterite kwa mashine mwaka 2019. Mgodi wa namna ile hauwezi kwenda bila washika stoki, wapishi, mafundi wa umeme, madereva na wauguzi.

4. Namna ya kuandika ulichofanya

Mtu akiandika: "Nilifanya kazi butiki," msomaji hajui kitu. Aandike hivi: "Toka Julai mpaka Agosti nilishika kitabu cha sanduku katika butiki ya chakula. Kila jioni nilihesabu franga, na kila Siku ya Posho nilihesabu bidhaa zilizobaki." Maneno ni machache, lakini wakati, mahali, kazi na hesabu vimeonekana. Chini yake weka jina la mtu anayeweza kushuhudia, kisha umwombe ruhusa kwanza.

Ukishapata kazi ya mkataba, hata ya miezi mitatu, usiondoke mikono mitupu. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamwagiza mwenye kazi atoe hati wakati mkataba unapokwisha. Hati hiyo inataja kazi ilikuwa ya namna gani, ilidumu wakati gani, ilianza lini na ikaisha lini. Haisemi kama ulifanya vizuri. Hilo linatoka katika barua ya mtu anayekujua: mwalimu, mchungaji, au mkubwa wa kazi. Barua nzuri ni ya mtu aliyekuona ukifanya kitu, si ya mtu mwenye cheo ambaye hajui hata darasa lako.

5. Kuilinda

Hili ndilo neno ninalotaka lisisahauliwe. Katika nchi nyingine mtu akipoteza karatasi anarudi shuleni kuomba ingine. Kwetu shule yenyewe inaweza kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma, na tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena. Vita vilifika Kitshanga Januari 2023 na Goma Januari 2025. Watu wa Masisi waliokuwa katika kambi za Bulengo na Lushagala walipaswa kuondoka tena Februari 2025. Mama anayekimbia usiku anabeba mtoto na sufuria. Diploma inabaki ndani ya sanduku.

Kwa hiyo tufanye hivi:

a) Orijinali zikae pamoja, ndani ya sashe ya plastiki isiyopitisha maji, mahali ambapo mkono unafika upesi hata gizani. Mvua yetu munaijua.

b) Fotokopi ndizo zinazotembea. Usiache orijinali katika biro ya mtu.

c) Piga kila karatasi picha kwa simu, hata ya kuazima, na uzitume kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Ukiwa na barua-pepe, jitumie pia. Simu inaibiwa, lakini kilichotumwa kinabaki.

d) Andika katika daftari namba ya diploma, mwaka, asilimia na jina la shule. Ukipoteza vyote, namba hizo ndizo zitasaidia kutafuta jina lako na kuomba ingine.

6. Wanaosema dosie ni bure

Kuko wanaosema: "Kazi inatoka kwa ndugu na kwa franga, unajisumbua bure." Siwezi kusema ni uongo mtupu, tunaona na macho. Lakini hata mjomba anayetaka kukusaidia ataulizwa: "Kijana wako anajua nini?" Akiwa na dosie yako mkononi atakuwa na la kujibu. Na ukishaingia kazini, mjomba hatakuja kukufanyia hesabu.

Tujihadhari na mambo matatu. Usinunue karatasi ya uongo. Siku ikijulikana, hata zile za kweli hazitaaminiwa. Usimpe mtu franga za "kufungua dosie." Na ninyi dada zetu zaidi: dosie inapelekwa mchana, bironi, mbele ya watu. Anayekuita usiku nyumbani kwake "kwa ajili ya dosie" hatafuti mfanyakazi. Usiende, na umwambie mtu unayemwamini.

7. Tuanze na nini?

Juma hili, kusanya buletini zako na uzihesabu. Mwezi huu, omba mwalimu mmoja aliyekuona ukifanya kazi akuandikie barua. Mbele ya mwisho wa trimestre, andika ukurasa mmoja wa CV, na ukurasa mmoja wa orodha ya vyote vilivyo ndani ya dosie. Ninyi wa madarasa ya chini munayo nafasi kubwa kupita sisi: kila likizo ongezeni karatasi moja, na mukifika mwaka wa mwisho dosie itakuwa nzito.

Wazee walisema akiba haiozi. Asiye na fotokopi aje kuniona saa ya mapumziko, tuhesabu pamoja ni wangapi, tutume mtu mmoja na makaratasi ya wote, nauli tugawane.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho