Ziwa linalopoza mtambo wa nyuklia: je, watu wanaogelea humo?

Ndiyo, msikilizaji. Wanaogelea, wanavua samaki na kuendesha boti. Ziwa hilo linaitwa Lake Anna, lipo jimbo la Virginia, Marekani. Si ziwa la asili. Ni bwawa lililotokana na kuziba mto North Anna, ukuta wake ukakamilika mwaka 1972, ili maji yapoze mtambo wa umeme wa nyuklia.

Kwa nini mtambo upozwe? Joto la nyuklia huzalisha mvuke, na mvuke huzungusha mashine za kufua umeme. Ukishamaliza kazi hiyo, mvuke lazima upoe urudi kuwa maji, kisha uchemshwe tena. Hapo ndipo maji ya ziwa yanapohitajika.

Sasa swali la wengi: maji hayo hayabebi mionzi? Fikiria unavyopoza uji wa mtoto. Unaweka kikombe ndani ya beseni la maji baridi. Uji unapoa, maji ya beseni yanapata joto, lakini havichanganyiki. Mtambo wa Lake Anna una mizunguko mitatu ya maji. Wa kwanza hupita kwenye kinu cha nyuklia, wa pili ndio wa mvuke, wa tatu ni maji ya ziwa. Kuta za mabomba huitenganisha. Mtambo huruhusiwa kutoa kiasi kidogo tu cha maji yenye mionzi, baada ya kusafishwa na kupimwa.

Kinachorudi ziwani kwa wingi ni joto. Ndiyo maana matuta yamegawa ziwa pande mbili. Upande wa moto, ekari zipatazo 3,400, hupokea maji kutoka mtamboni yapoe kwanza. Huko huingia wenye ardhi ya kando ya maji na wageni wao. Upande wa baridi, ekari zipatazo 9,600, ni wa wananchi wote.

Lakini sikiliza hili. Tangu mwaka 2018, karibu kila kiangazi idara ya afya ya Virginia imekuwa ikitoa onyo watu wasiogelee baadhi ya sehemu za ziwa, hasa za juu, mbali na mtambo. Sababu si nyuklia. Ni mwani wenye sumu, unaostawi maji yakiwa na joto na rutuba nyingi. Rutuba hiyo huletwa na mvua kutoka mashambani na makazini: mbolea, samadi, maji machafu.

Mwani wa aina hiyo tunao hata Ziwa Victoria, katika Ghuba ya Winam, na unaweza kuota kwenye lambo la kijijini. Ukiona maji yana utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, usiogelee, watoto wasichezee, mifugo isinywe. Kuyachemsha hakuondoi sumu hiyo. Na mbolea au samadi, usiiweke karibu na ukingo wa maji.