Mapera ya Buyangu na upungufu wa damu

Ukishika barabara ya Kakamega kwenda Webuye na kukata kona kuelekea Buyangu, mti utakaouona sana kabla ya kuingia kivuli cha msitu ni mpera. Huota wenyewe kando ya njia, mipakani mwa mashamba na kwenye viwanja ambavyo havilimwi tena. Nyani na ndege hula matunda yake na kutapanya mbegu. Msimu ukifika watoto hula wakashiba, na yanayobaki huozea chini.

Mpera si mti wa asili ya kwetu. Ulitoka Amerika ya joto, ukasambazwa duniani na mabaharia wa Ureno na Uhispania. Hata jina pera tumelipata kwa Wareno, ambao kwao ni tunda jingine kabisa. Labda kwa sababu huokotwa bure, watu wengi wa mjini hulidharau. Mgonjwa akilazwa hospitalini hupelekewa machungwa, au pakiti ya sharubati yenye sukari tele. Sijaona mtu akipelekewa mapera!

Hebu tuangalie hesabu. Gramu 100 za chungwa zina takriban miligramu 53 za vitamini C. Gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228, yaani zaidi ya mara nne. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 45 kwa siku, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Kwa hivyo pera moja dogo, la ukubwa wa yai, linatosha na kuzidi. Usilimenye, kwani sehemu kubwa ya vitamini hiyo iko kwenye ganda na nyama iliyo karibu nalo. Lioshe tu vizuri kwa maji safi, hasa lile lililookotwa chini.

Lakini vitamini C ni ya nini? Wengi watajibu, ya mafua. Faida hiyo ni ndogo kuliko inavyosemwa. Ninalotaka ulishike leo ni habari ya damu.

Katika magharibi mwa Kenya, upungufu wa damu ni jambo tunaloliona kliniki kila wiki, hasa kwa akina mama waja wazito na watoto wadogo. Mama huja akilalamika uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio akipanda ngazi. Ukimwuliza anakula nini, atakuambia ugali, managu, kunde, mrenda, maharagwe. Chakula kizuri, na madini ya chuma yamo. Tatizo ni kwamba chuma cha mboga na nafaka hufyonzwa na mwili kwa shida, tofauti na kile cha nyama, ambayo wengi huipata kwa nadra. Kisha, sufuria ya ugali haijapoa, chai inamiminwa. Chai ina kemikali zinazokishika kile chuma kidogo na kukizuia kuingia mwilini.

Vitamini C hufanya kinyume cha chai. Hukibadilisha chuma cha mboga kikawa katika hali ambayo utumbo unaweza kukipokea. Mwaka 2013 watafiti wa Hyderabad, India, walichapisha matokeo ya kuwapa vijana mlo wa wali pamoja na mapera, na miili yao ilifyonza chuma zaidi kuliko walipokula mlo huo bila mapera. Jambo la kuzingatia ni wakati. Pera linapaswa kuliwa pamoja na mlo wenyewe, au mara tu baada yake. Ukilila saa kumi jioni halitayasaidia managu ya saa saba mchana. Chai nayo ingoje saa moja au zaidi. Na wewe mama unayepewa vidonge vya chuma kliniki, usivimeze kwa chai. Meza kwa maji, ule pera.

Nisieleweke vibaya. Si kila upungufu wa damu hutokana na chuma. Malaria, minyoo na ugonjwa wa selimundu, ambao upo sana upande huu wa nchi, vyote huleta hali hiyo, na tiba zake ni tofauti. Pima damu kwanza.

Watu wa Uswidi wana tunda lao la msituni, dogo na jekundu, liitwalo lingoni. Majira ya vuli huingia misituni kulichuma, kisha hulila kama jamu pamoja na nyama. Lina asidi ya asili inayolizuia kuoza, hata laweza kukaa muda mrefu ndani ya maji matupu. Pera halina bahati hiyo. Siku chache tu limeharibika. Lakini lina pektini nyingi, ile inayoifanya jamu igande. Chemsha mapera mabivu na machache yaliyo nusu mabichi, chuja mbegu, ongeza sukari na maji ya limau, kisha upike hadi yawe mazito. Ni tamu kwa mkate, ila moto huharibu sehemu ya vitamini C, na sukari ni nyingi. Kwa ajili ya damu, kula bichi.

Majani ya mpera nayo huchemshwa na wazee kutibu kuhara. Mtu mzima akiyanywa, sina ugomvi naye. Mtoto anayehara, la hasha! Kinachomuua ni kuishiwa maji. Mpe maji yenye chumvi maalumu za pakiti na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na akilegea mkimbize hospitalini.

Na zile mbegu? Wengi wetu tulionywa utotoni kwamba huziba kidole tumbo. Hilo ni nadra mno. Mapera mabichi yakiliwa kwa wingi hufunga choo, na huenda hofu ilianzia hapo. Mwenye ugonjwa wa figo aliyekatazwa vyakula vyenye potasiamu amwulize daktari wake kwanza, maana pera linayo kwa wingi.