Dola ikipanda, mandazi ya shangazi yanapungua

Shangazi yangu anauza chai na mandazi Kangemi, karibu na steji ya matatu. Huamka saa tisa usiku kukanda unga, na ikifika saa kumi na mbili asubuhi wateja wake wa kwanza, wengi wao mafundi wa mjengo, wanakunywa chai wakiwa wamesimama. Kwa miaka mingi mandazi yake yalikuwa shilingi tano. Halafu mwaka wa 2022 wateja wakaanza kumtania: "Mathe, hii mandazi imekonda, inaenda jimu?"

Alicheka nao, lakini walikuwa wanasema ukweli. Alikuwa ameanza kukata donge dogo zaidi. Mwaka uliofuata hapakuwa na la kupunguza tena, akapandisha bei hadi shilingi kumi. Jioni ya siku hiyo akanipigia simu. "Mwanangu, wewe umesomea mambo ya biashara. Hebu niambie, mimi nimekosea wapi?"

Nilisomea masoko, si uchumi. Nikamjibu kitu cha juu juu kuhusu gharama ya maisha, akasema "haya, sawa," kwa ile sauti ya mtu ambaye hajasaidiwa. Nimekuwa nikidaiwa jibu tangu siku hiyo.

Jibu fupi ni kwamba hakukosea. Jibu refu linaanzia mbali na Kangemi.

Kutoka bandarini hadi kwenye karai

Angalia kilicho ndani ya mandazi. Ngano tunalima, Narok na Uasin Gishu kwa mfano, lakini sehemu kubwa ya ngano tunayokula inatoka nje, na kabla ya vita, Urusi na Ukraine zilikuwa kati ya wauzaji wetu wakubwa. Vita hivyo vilianza Februari 2022. Mafuta ya kupikia nayo, mengi hutokana na mawese ya Malaysia na Indonesia. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo, Indonesia ilipiga marufuku kuuza mawese nje ili wananchi wake wapate kwanza. Marufuku hiyo ilidumu kama wiki tatu tu, lakini bei ilikuwa imeshashtuka. Ongeza dizeli ya lori linalobeba huo unga. Vyote hivyo hulipiwa kwa dola.

Mwanzoni mwa 2022, dola moja ilikuwa karibu shilingi 113. Januari 2024 ilipita 160. Piga hesabu: hata kama muuzaji wa Malaysia hakuongeza senti moja, bidhaa ya dola moja iliyoingia Mombasa kwa shilingi 113 sasa iliingia kwa 160. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya asilimia 40 kabla lori halijatoka bandarini.

Mbona shilingi ilianguka hivyo? Sababu moja ni kwamba Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022, na wenye pesa za kuwekeza wakazirudisha huko. Sababu nyingine ni deni letu wenyewe. Mwaka wa 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kupitia Eurobond ya miaka kumi, na pesa hizo zote zilitakiwa kurudishwa kwa mpigo Juni 2024. Kadiri tarehe ilivyokaribia ndivyo watu walivyojiuliza kama tutaweza. Haikuwa hofu ya bure. Zambia ilishindwa kulipa 2020, Sri Lanka na Ghana zikashindwa 2022. Kwa hivyo aliyekuwa na dola aliishikilia, na aliyehitaji dola akainunua ghali.

Februari 2024 serikali ikakopa dola bilioni 1.5 mpya kwa riba ya asilimia 9.75 ili ilipe sehemu kubwa ya lile deni la zamani, lililokuwa na riba ya asilimia 6.875. Ndiyo, tulikopa kwa bei ghali kulipa deni la bei nafuu. Kama umewahi kuchukua mkopo kwenye programu moja ya simu ili ulipe ile nyingine, hauhitaji kuelezwa zaidi. Ilisaidia lakini. Hofu ilitulia, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa chini ya shilingi 135.

Serikali nayo ikitafuta pesa, inaangalia mahali pesa zinapopita

Nchi yenye deni kubwa lazima itafute mapato, na njia ya haraka ni ushuru wa vitu ambavyo watu hutumia kila siku. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ya gari ulitoka asilimia 8 hadi 16. Septemba mwaka huo lita ya petroli Nairobi ikapita shilingi 200. Pia Julai hiyo, ushuru kwenye ada za kutuma pesa kwa simu ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15.

Hapa nataka tuelewane, kwa sababu wateja wengi hutuuliza. Kenya, ushuru huo hutozwa kwenye ada, si kwenye pesa unayotuma. Ghana walijaribu njia ile nyingine. Kuanzia Mei 2022, serikali yao ilikata asilimia 1.5 ya pesa yenyewe ukituma zaidi ya cedi 100 kwa siku. Watu wakarudi kubeba noti mfukoni, na makusanyo yakawa chini kabisa ya yale serikali ilitarajia. Ushuru huo haukuiokoa nchi: Desemba 2022 mfumuko wa bei Ghana ulipita asilimia 54, na mwezi huo huo ikasimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Ushuru ulipunguzwa hadi asilimia 1 mwaka wa 2023, na 2025 ukafutwa.

Sisi pia tulikaribia kuongezewa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka ushuru kwenye ada za pesa za simu ufike asilimia 20. Kilichotokea Juni 2024 unakijua. Vijana waliingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, na mswada ukaondolewa.

Kidogo kidogo ni ghali

Hayo yote yangempata hata tajiri. Lakini kuna kitu kimoja ambacho humpata maskini peke yake, na sikukiona mpaka nilipokaa na shangazi Jumamosi moja na daftari.

Shangazi alikuwa akinunua mafuta ya kupima. Anatumia lita moja na nusu kwa siku, na alikuwa akinunua robo lita kwa shilingi 80, mara sita, kila mauzo yakiingia. Hiyo ni shilingi 480 kwa siku. Duka la jumla hapo hapo mtaani lilikuwa likiuza jerikeni ya lita 20 kwa 5,000, yaani 250 kwa lita. Kiasi kile kile cha mafuta kingemgharimu 375. Tofauti ni shilingi 105 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 2,730. Hiyo kwake ni kodi ya nyumba ya mwezi, karibu yote.

Nikamuuliza, si ununue jerikeni? Akaniangalia kama mtoto. "Hizo elfu tano za mara moja nitazitoa wapi?"

Umaskini una hiyo tabia: anayepata kidogo hununua kidogo, na kidogo kina bei yake. Hata kwetu, kwenye ada za simu, iko. Tuseme ada ya kutuma shilingi 120 ni shilingi 7. Hiyo ni karibu asilimia 6. Anayetuma 50,000 kwa ada ya 105 amekatwa asilimia 0.2. Nafanya kazi kwenye kampuni ya malipo na sitajifanya sijaona.

Kisha tukafika kwenye mikopo. Shangazi hukopa 2,000 kwa simu Jumatatu kununua unga, na anajivunia kulipa haraka. Ikifika Jumapili amemaliza, na Jumatatu anakopa tena. Ada ya mkopo huo ni asilimia 7.5, shilingi 150. Alidhani akilipa mapema anaokoa. Kumbe ada ya mkopo wa aina hiyo ni moja, ulipe baada ya siku saba au siku thelathini. Kwa hivyo alikuwa akilipa 150 mara nne kwa mwezi, shilingi 600, kwa kutumia zile zile 2,000. Angeukopa mara moja na kukaa nao mwezi mzima, ingekuwa 150. Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Na mimi nikijiona mteja mzuri."

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza "Kubali", soma kama ada inahesabiwa kwa siku au kwa mkopo mzima. Ikiwa ni kwa siku, lipa mapema. Ikiwa ni kwa mkopo mzima, usiharakishe kulipa ili ukope tena wiki ijayo. Tumia muda wako wote, mradi usipitishe tarehe. Na kama hujui hali yako, omba taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu iliyopita, ukae chini na kalamu, ujumlishe kila mstari ulioandikwa ada. Wengi hawajawahi kufanya hivyo hata mara moja. Mimi mwenyewe nilifanya baada ya siku ile, na sitakuambia nilipata ngapi.

Jerikeni ya watu wanne

Shangazi hakungoja ushauri wangu mwingine. Aliwatafuta wenzake watatu wa hapo steji: wa chapati, wa samaki na wa viazi karai. Kila mmoja hutoa 1,250, jerikeni moja inanunuliwa, kila mtu anapata lita tano, na mara mbili kwa wiki wanarudia. Mama wa samaki ndiye mweka hazina. Hatoi pesa kwa wakala. Anamlipa mwenye duka moja kwa moja kwa simu, kwa hivyo ada ya kutoa haipo, na ujumbe wa malipo anautuma kwa wote wanne.

Haijakuwa laini. Wiki moja mama wa chapati hakutoa chochote kwa sababu mtoto alifukuzwa shule kwa karo. Wengine walimlipia, baadaye wakabishana kama ilikuwa mara moja au mbili. Walifungua jumbe kwenye simu. Ilikuwa mara moja. Hawakuzungumza kwa siku tatu, kisha mafuta yakaisha, ikabidi wazungumze.

Swali ambalo bado hunipa taabu ni la wateja wake. Wanasikia redioni kwamba mfumuko wa bei umeshuka, kutoka asilimia 9.6 Oktoba 2022 hadi 2.7 Oktoba 2024, na wanamwambia, "Mathe, sasa rudisha mandazi ya tano." Mfumuko wa bei ukishuka, bei huwa haijashuka. Inapanda tu polepole kuliko kwanza. Unga haujarudi ulipokuwa, nauli haijarudi, na deni la nchi bado linalipwa. Shangazi aliwaeleza hivyo wakakataa. Alichofanya ni kuongeza donge. Mandazi bado ni kumi, lakini yanakaribia ukubwa wa zamani.

Siku hizi hunipigia simu asubuhi kuuliza dola ni ngapi leo, na ninamwambia. Wiki jana jerikeni ilikuwa imepanda kwa shilingi 150, na wanamtafuta mtu wa tano.