Dawa ya presha si moja

Lugha ina tabia ya kufunika mambo mengi kwa jina moja. Tusemapo "dawa ya presha", msikilizaji hudhani kwamba tunazungumzia kitu kimoja, kama asemaye unga au sukari. Ama kwa hakika, jina hilo ni mwavuli tu. Chini yake mna dawa za jamii mbalimbali, na kila jamii ina njia yake ya kufanya kazi mwilini na ina vyakula isivyopatana navyo. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Lakini pale ambapo neno laweza kumdhuru mtu, mwanaisimu naye ana haki ya kutia lake.

Tuchukue mfano wa ndizi mbivu. Ndizi, parachichi, maharagwe na maji ya madafu vina madini ya potasiamu kwa wingi. Mgonjwa anayemeza haidroklorothaiazidi, ambayo ni miongoni mwa dawa za kukojoza, hupoteza madini hayo kwa njia ya mkojo, na aghalabu hushauriwa kula vyakula hivyo. Jirani yake anayetumia enalaprili, losatani au spironolaktoni yumo katika hali iliyo kinyume, kwani dawa yake huyafanya mafigo yahifadhi potasiamu. Iwapo mafigo yake ni mazima, ndizi moja haitamdhuru. Iwapo yamedhoofika, kama yawapatavyo wengi waliougua kisukari au presha kwa miaka mingi, madini hayo huweza kulimbikana katika damu hadi yakavuruga mapigo ya moyo.

Majirani hawa wakikutana sokoni, kila mmoja husema kwamba anatumia "dawa ya presha". Kisha mmoja, kwa nia njema, humpa mwenziwe ushauri aliopewa na daktari wake. Ushauri ni wa kweli, ila haukuwa wa huyo aliyepewa.

Neno "chumvi" nalo lina mtego wake. Shirika la Afya Duniani hutaka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na mnamo Januari 2025 lilitoa mwongozo unaopendekeza chumvi yenye sodiamu kidogo itumiwe badala ya ile ya kawaida. Katika chumvi hiyo, sehemu ya sodiamu hupunguzwa na potasiamu ikatiwa mahali pake. Mwongozo uo huo haukuwahusu watu wenye maradhi ya figo wala wale ambao dawa zao huzuia potasiamu isitoke mwilini. Mnunuzi asomaye kwenye pakiti kwamba chumvi hii ni nzuri kwa moyo, atajuaje kwamba yeye huenda ni mmoja wa hao?

Sasa tuje kwenye balungi. Mnamo 1989 watafiti nchini Kanada, wakiongozwa na David Bailey, walitoa habari za jambo walilolipata kwa bahati tu. Walikuwa wametumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika utafiti kuhusu dawa iitwayo felodipini, wakaona kiasi cha dawa hiyo katika damu kimepanda mno. Tunda hilo huzuia kimeng'enya kilicho katika utumbo, ambacho kwa kawaida huvunjavunja sehemu ya dawa kabla haijaingia katika damu. Matokeo yake presha huweza kushuka kupita kiasi na mgonjwa akashikwa na kizunguzungu. Athari hiyo yaweza kudumu zaidi ya siku moja, hivyo kula tunda asubuhi na kumeza dawa jioni si kinga. Nifedipini huathirika vilevile. Amlodipini huathirika kidogo sana. Chungwa tamu la kawaida halina taabu hiyo, lakini danzi, lile chungwa chungu, linayo.

Onyo kuhusu balungi huandikwa katika karatasi inayokunjwa ndani ya pakiti, kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo mno. Na mara nyingi mgonjwa haioni hata karatasi hiyo, kwa kuwa hupewa vidonge katika bahasha ndogo iliyoandikwa "1 × 2". Tarakimu hizo humweleza ameze vingapi na mara ngapi. Kuhusu chakula hazisemi lolote, ilhali kaptoprili, kwa mfano, hupaswa kumezwa saa moja kabla ya mlo ili mwili uipokee vyema.

Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 46 humpa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidika nayo kikamilifu. Maelezo yasiyoeleweka na yanayemhusu ni maelezo gani? Wako watakaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hiyo. La hasha! "Usile balungi wala danzi muda wote unapotumia dawa hii." Katika sentensi hiyo hamna neno moja linalohitaji kamusi. Kinachokosekana ni nia ya kuiandika.

Mpaka nia hiyo ipatikane, msomaji mpendwa, lijue jina halisi la dawa yako, si "ya presha" tu. Muulize mfamasia kama imezwe kabla au baada ya chakula, na ni chakula gani cha kuepukwa. Mweleze pia kuhusu mafigo yako. Wala usiiache dawa kwa sababu ya haya uliyoyasoma hapa, maana presha isiyotibiwa huleta kiharusi bila ya kubisha hodi. Kuuliza si ujinga.