Mwana wa Nyasa anaporudi Kihagara, mwili wake umeshakuwa mgeni

Desemba ikikaribia, mabasi ya Songea na Mbinga hujaa watu wanaorudi kwao. Wengine wametoka Dar es Salaam, wengine Arusha na Moshi, na siku hizi wapo walioanza safari London au Muscat. Kutoka Mbinga barabara inateremka, inaiacha baridi ya milima ya Umatengo na kahawa yake na mashamba ya mashimo yaitwayo ngoro, mpaka kwenye joto la ufukwe wa Ziwa Nyasa, usiofika hata mita 500 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko Kihagara, Lituhi na Liuli, kwenye dagaa wa usipa na mihogo, na kwenye mbu. Mtalii anayeshuka huko mara nyingi amekwisha kuchanjwa na amebeba dawa. Mwenyeji amebeba kanga ya bibi na sukari.

Huyu mwenyeji ndiye anayenitia hofu. Anaamini kwamba malaria inamjua, kwa kuwa aliugua sana utotoni na hakufa. Ni kweli mtu anayeumwa na mbu wenye vimelea mwaka baada ya mwaka hujenga kinga, ingawa haikamiliki. Lakini kinga hiyo hudumu kwa kuchokozwa. Akikaa miaka mahali pasipo na malaria, inapungua, na mtoto aliyemzaa huko hana hata chembe yake. Uingereza, wagonjwa wengi wa malaria wanaogunduliwa kila mwaka ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwasalimia ndugu. Watalii ni wachache kando yao. Wala si lazima mtu avuke bahari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa watoto 8 hivi katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini, ilhali Arusha na Kilimanjaro karibu haikuonekana. Mtoto wa Moshi akipelekwa ziwani kwa babu ni mgeni kamili.

Wamisionari Waanglikana wa UMCA, waliojenga makao yao kisiwani Likoma katika ziwa hilihili, walizikana sana kwa homa. Mwaka 1897 Ronald Ross alionyesha kwamba mbu ndiye anayebeba malaria, na miaka miwili baadaye daktari Robert Howard akafika Likoma, akawahimiza wenzake watumie kwinini kwa utaratibu, walale ndani ya chandarua, wajenge nyumba bora. Wale walijua kwamba ni wageni, na kujua huko kuliwasaidia.

Anayetoka Ulaya au Ghuba aende kwa daktari wiki nne hadi sita kabla ya safari. Atapewa vidonge vya kukinga malaria, na asiviache siku anayopanda ndege kurudi: vingine humezwa siku saba baada ya kuondoka, vingine wiki nne. Mjamzito amweleze daktari hali yake mapema, na kama safari inaweza kungoja, ingoje. Chandarua chenye dawa kibebwe hata kama nyumbani vipo, maana wageni wa Krismasi ni wengi kuliko vitanda. Chanjo ya malaria ipo, na Malawi, ng'ambo ya ziwa, ilianza kuitoa Aprili 2019, lakini imekusudiwa watoto wadogo wanaoishi kwenye maeneo yenye ugonjwa huo. Si ya msafiri.

Kuhusu homa ya manjano, watu wanachanganyikiwa bila sababu. Tanzania haimdai cheti anayetoka moja kwa moja Uingereza. Inamdai anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwemo, au aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi kama hiyo. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia, na tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yote. Chanjo za polio na surua za watoto zikaguliwe kwenye kadi zao: mwaka 2022 polio ilipothibitishwa Lilongwe, Malawi, Ruvuma ulikuwa miongoni mwa mikoa minne ya mpakani iliyoanza kuwapa watoto matone. Mwulize daktari pia kuhusu pepopunda, homa ya matumbo na homa ya ini. Na mbwa akimng'ata mtoto, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mbio hospitali siku hiyohiyo.

Kichocho hakina chanjo, na hapo ndipo maji ya nyumbani yanapodanganya. Kwa miaka mingi wageni waliambiwa ziwa hili ni salama. Kisha mwaka 1992 Wamarekani wawili waliokuwa wakijitolea Malawi, walioogelea Cape Maclear, kusini mwa ziwa, wakaugua kichocho kilichofika kwenye mfumo wa fahamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ukakuta dalili za maambukizi kwa takriban theluthi ya wageni waliopimwa. Huko kusini konokono mmojawapo anayebeba vijidudu vya kichocho huishi kwenye mchanga wa maji ya wazi, na watafiti wamehusisha ongezeko lake na kuvuliwa mno kwa samaki wanaomla. Kwa hiyo usiyaamini maji kwa sababu ni maangavu. Vijidudu hupenya ngozi kwa dakika chache, na hutoka kwa wingi jua la mchana linapokuwa kali, saa zilezile watoto wanapokimbilia ziwani.

Najua huwezi kwenda Kihagara usiguse ziwa, na sitamwambia mtu asioge alipojifunza kuogelea. Lakini wageni, hasa watoto, waogee nyumbani maji yaliyochotwa na kukaa kwenye ndoo iliyofunikwa siku moja hadi mbili, au yaliyochemshwa. Aliyeingia ziwani apimwe miezi mitatu baadaye, kwa kuwa kabla ya hapo kipimo huweza kushindwa kuuona ugonjwa, na dawa ya praziquantel haiwaui vizuri minyoo wachanga. Asingoje mpaka aone damu kwenye mkojo. Na homa yoyote katika miezi mitatu baada ya kurudi, iwe Manchester au Moshi, ipelekwe hospitali siku hiyohiyo. Neno la kwanza kwa daktari, kabla hajaanza kuulizia mafua, liwe kwamba mgonjwa alikuwa Ziwa Nyasa.