Shahada ya uzamili usiku, mikopo ya mahindi mchana

MVUA zinapoanza Novemba katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkulima wa mahindi anahitaji fedha za mbegu na mbolea kwa mkupuo. Fedha hizo zitarudi Juni au Julai, mahindi yakishakauka. Katikati hana mavuno mengine makubwa ya kutegemea, kwani Rukwa ina msimu mmoja tu wa mvua.

Tuseme mkulima huyo amekopa Sh1,200,000 na kutakiwa kulipa kila mwezi kwa mwaka mmoja, kama anavyolipa mwenye duka. Kuanzia Desemba anadaiwa Sh100,000 kwa mwezi, achilia mbali riba. Ifikapo mwisho wa Mei atakuwa ametakiwa kurejesha Sh600,000, nusu ya deni, ilhali hajauza hata gunia moja. Atauza mbuzi, au atauza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei anayotaka mlanguzi.

Ofisa mikopo anayefanya kazi Sumbawanga anaijua hesabu hii kuliko mhadhiri wa Dar es Salaam. Anachokosa mara nyingi ni takwimu na hoja za kuwaonyesha wakubwa wake makao makuu kwamba mkopo wa shamba ufuate mvua, si kalenda ya ofisi. Ndiyo maana shahada ya uzamili katika fedha endelevu, inayosomwa bila kuacha kazi, si anasa ya watu wa mjini.

Jina la fani hiyo linaweza kumtisha mtu, lakini jambo lenyewe ni la kawaida. Ni elimu ya kukopesha na kuwekeza huku ukihesabu, pamoja na faida, hali ya udongo, maji, misitu na maisha ya watu. Udongo ukichoka mavuno hupungua, mkopaji hushindwa kulipa na benki hupata hasara. Hakuna mkulima wa Ufipa asiyelielewa hilo, hata kama hajawahi kulisikia likiitwa fedha endelevu.

Hapa nchini mambo yamekwenda haraka. Mwaka 2019 Benki ya CRDB ilipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2021 mfuko huo ukaidhinisha mpango wa Dola za Marekani milioni 200, nusu yake zikitoka CRDB yenyewe, wa kuwakopesha wakulima teknolojia za kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo unaozitaka benki zipime hatari za tabianchi katika biashara zao. Mwaka 2023 hati fungani ya kijani ya CRDB ilitafuta Sh40 bilioni ikakusanya zaidi ya Sh171 bilioni. Mamlaka ya Maji Tanga nayo ilitoa mwaka 2024 hati fungani ya Sh53.12 bilioni ya kuboresha huduma ya maji.

Fedha hizo zote zinahitaji mtu wa kusema kama mradi ni wa kijani kweli au umepakwa rangi tu. Kwa Rukwa mtu huyo asipokuwa mwenyeji, atatumwa kutoka mbali, na huenda asijue tofauti ya shamba la Laela na la bonde la Ziwa Rukwa.

Mfano wa karibu uko Mkoa wa Katavi, uliokuwa sehemu ya Rukwa hadi mwaka 2012. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vimepata mapato kwa kutunza misitu ya milima ya Ntakata kupitia biashara ya hewa ukaa. Mikataba ya namna hiyo ina vifungu vingi, na kijiji kinapokaa mezani kinahitaji mtu wake anayeweza kuvisoma.

Mlango wa kusoma bila kuacha kazi ulifunguliwa zamani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994. Kina vituo mikoani, kikiwamo cha Rukwa mjini Sumbawanga, na walimu, mabwana shamba na wahasibu wa halmashauri wamepata shahada kwa njia hiyo. Mwanafunzi anaweza kuchagua utawala wa biashara, uchumi au maendeleo ya uchumi wa jamii, kisha utafiti wake ndio akauelekeza kwenye fedha endelevu. Wanaotaka shahada yenye jina hilo hasa huangalia nje ya nchi, kwa mfano Frankfurt School of Finance & Management ya Ujerumani, inayofundisha kwa mtandao. Kabla ya kulipa hata senti, ni vyema kuuliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama shahada hiyo itatambuliwa nchini.

Ada watu huihesabu, muda huusahau. Kwa mfumo wa TCU, shahada ya uzamili inahitaji krediti 180, na kila krediti ni saa 10 za kazi. Hizo ni saa 1,800. Mfanyakazi anayeweza kusoma saa 15 kwa wiki, yaani saa mbili kila usiku na kidogo zaidi mwishoni mwa wiki, atahitaji wiki 120, ambazo ni miaka miwili na karibu miezi minne. Hapo mtoto hajaugua, wala hakuna msiba. Kwa ofisa mikopo kuna pia miezi ya kukusanya madeni baada ya mavuno, anaposhinda vijijini na kurudi usiku akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Mwaka mmoja wa nyongeza si aibu, bora apange mapema na amweleze mwenzi wake nyumbani.

Mazingira nayo yana sauti yake. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilitegemea umeme ulionunuliwa Zambia, na ulipokatika mwanafunzi alirudi kwenye taa ya chemli. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, ya kilomita zipatazo 220, iliwekwa lami kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba uliosainiwa mwaka 2008. Kabla ya hapo, safari ya kwenda Mbeya wakati wa masika haikuwa na saa ya kufika.

Faida kubwa ya kusoma ukiwa kazini inaonekana wakati wa utafiti. Wafipa wamelima kwa intumba tangu enzi za mababu: matuta ya mviringo ambamo nyasi hufukiwa zioze na kurutubisha udongo. Ofisa mikopo mwenye mafaili ya wakopaji wa misimu kadhaa anaweza kupima, kwa idhini ya benki na bila kutaja majina, kama wanaofukia nyasi hulipa madeni vizuri kuliko wanaozichoma. Jibu la swali hilo halipatikani katika vitabu vya Frankfurt. Mafaili yenyewe yako kabatini kwake, na Novemba ijayo mkulima atarudi mlangoni kuomba fedha za mbolea.