Michezo ya Hadithi: Kutolewa kwa Mafungu au kwa Mkupuo

Miongoni mwa michezo ya video iko aina moja ambayo lengo lake kubwa si kulenga shabaha wala kushindana mbio, bali ni kusimulia hadithi. Mchezaji huwekwa mahali pa mhusika mmoja. Hutembea, huzungumza na wahusika wengine, na mara kwa mara hutakiwa kuamua: aseme kweli au afiche, amwokoe huyu au yule. Maamuzi yake huwekwa katika kumbukumbu ya mashine, na hadithi huendelea kwa kuyafuata. Kwa kuwa kazi hizo ni hadithi, watengenezaji wake wamekutana na swali lile lile lililowakabili watungaji wa riwaya na wahariri wa magazeti zamani: hadithi itolewe nzima siku moja, ama ikatwe na kutolewa fungu baada ya fungu? Kwa juu juu swali hilo ni la biashara tu. Kwa hakika linaugusa utungo wenyewe, maana hadithi yenye njia panda ndani yake haikatiki kama mkate.

Kukata hadithi si jambo geni. Shahrazad wa Alfu Lela Ulela aliiokoa shingo yake kwa kunyamaza alfajiri hali hadithi haijafika mwisho. Katika Uingereza Charles Dickens aliitoa The Pickwick Papers mwezi baada ya mwezi katika miaka 1836 na 1837. Mafungu ya kwanza yaliuzwa nakala mia chache tu. Alipoingia Sam Weller, mtumishi mcheshi, katika fungu la nne, wanunuzi wakaongezeka hata mafungu ya mwisho yakauzwa nakala kiasi cha 40,000. Hapo yaonekana faida kubwa ya mafungu: mtungaji huisikia sauti ya wasomaji kabla ya kuimaliza kazi, akajua kipi kinapendeza. Lakini Dickens huyo huyo ametuachia na mfano wa pili. The Mystery of Edwin Drood ilikusudiwa iwe mafungu 12. Mtungaji akafariki mwezi wa Juni 1870 akiwa ameandika 6. Waliokuwa wamekwisha nunua tangu fungu la kwanza walibaki na nusu ya hadithi, wala hakuna ajuaye kwa yakini nini kilimpata huyo Drood.

Michezo ya video ilichelewa kuifuata desturi hiyo kwa sababu nyepesi. Muda wote ambao michezo iliuzwa madukani ndani ya maboksi, gharama ya kuchapa, kusafirisha na kupanga kwenye rafu ilikuwa karibu sawa kwa mchezo mfupi na mrefu, basi fungu dogo halikuwa na faida. Intaneti ilipowezesha watu kununua na kupakua mchezo nyumbani, kizuizi hicho kikaondoka. Kampuni ya Valve ya Marekani, iliyokuwa imetumia miaka mingi kuitengeneza Half-Life 2 ya mwaka 2004, iliona kwamba mafungu mafupi yangeupunguza muda wa kungoja. Fungu la kwanza likatoka Juni 2006, la pili Oktoba 2007, nalo likakomea mahali pa kukata roho. La tatu, ambalo lilikwisha ahidiwa, halikutoka. Mwaka 2017 Marc Laidlaw, aliyekuwa mtungaji wa hadithi hiyo na ambaye alikwisha acha kazi katika kampuni, alitoa muhtasari wa mambo yaliyofanana na yale ya fungu lililokosekana, akiwa amebadilisha majina ya wahusika. Wasomaji walioupokea walikuwa wamengoja miaka kumi.

Walioifanya njia ya mafungu kuwa mila kamili ni Telltale Games wa California, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2004. Walianza kwa vichekesho: mfululizo wa Sam & Max wa mafungu 6 ulitoka karibu kila mwezi tangu Oktoba 2006 hata Aprili 2007, na kila fungu lilikuwa kisa kinachosimama peke yake. Jina lao lilivuma hasa mwaka 2012 kwa The Walking Dead, hadithi ya Lee Everett, mtu aliyehukumiwa ambaye alikuwa njiani kupelekwa gerezani wafu walipoanza kuinuka, na Clementine, binti mdogo aliyempata peke yake nyumbani akachukua dhamana ya kumlea. Mafungu 5 yalitoka baina ya Aprili na Novemba mwaka ule, kila moja kwa bei ya kiasi cha dola 5.

Ubora wa kazi hiyo ulikuwa katika namna ilivyoutumia muda wa kungoja. Mwishoni mwa kila fungu mchezaji alionyeshwa ni wachezaji wangapi katika mia walioamua kama yeye na wangapi walioamua kinyume. Majuma yaliyofuata watu walihojiana: kwa nini ulimwacha yule, kwa nini ulisema uongo? Hadithi iliendelea vinywani mwa watu hali mashine imezimwa. Watengenezaji nao, kama msimulizi aliyekaa na wasikilizaji barazani akiwatazama nyuso, waliweza kuona fungu lililopita limewagusa watu wapi. Anayecheza kazi hiyo leo, mafungu yote matano kwa usiku mbili, hupata hadithi ile ile, lakini hayapati majuma yale; na kwa haki isemwe kwamba sehemu kubwa ya sifa zake ilitokana na majuma hayo.

Hata hivyo mtu akiichungua kazi hiyo huona na kamba iliyoifunga. Katika fungu la kwanza mchezaji hulazimika kumwokoa mmoja katika wawili, Doug au Carley, na mwingine hufa. Kwa hesabu nyepesi, tangu hapo hadithi ni mbili, na kila tukio la mbele liandikwe mara mbili. Njia panda kumi za namna hiyo zikifuatana zingezaa hadithi zaidi ya elfu moja, kazi isiyowezekana kwa watu wanaotakiwa kutoa fungu jipya kila baada ya miezi miwili. Basi watungaji wakafanya lililowezekana: katika fungu la tatu yule aliyeokolewa, awe Doug au Carley, huuawa kwa risasi ya mwenzao mmoja, na matawi mawili yakarudi kuwa shina moja. Wachezaji wengi hawakuona mshono, kwa kuwa kifo chenyewe kimetungwa vizuri. Walioona walilalamika kwamba uamuzi wao haukuwa na maana. Lawama hiyo ni ya kweli nusu tu. Uamuzi ulibadilisha mahusiano na maneno, ijapokuwa haukubadilisha mwisho. Na maisha ya watu pia yana maamuzi mengi ya jinsi hiyo.

Mtungaji wa mafungu ana upungufu mmoja ambao hauna dawa: hawezi kurudi nyuma. Akigundua katika fungu la nne kwamba mhusika fulani alipaswa kutajwa katika la kwanza, amechelewa. La kwanza limo mikononi mwa watu. Atoaye kazi nzima kwa mkupuo anao uhuru huo mpaka siku ya mwisho. Ndiyo sababu Detroit: Become Human, iliyotolewa nzima mwaka 2018 na Quantic Dream wa Paris, iliweza kutanua matawi yake kuliko kazi nyingi za mafungu: wahusika wakuu ni watatu, kila mmoja aweza kufa njiani na hadithi ikaendelea bila yeye, na baada ya kila sura mchezaji huonyeshwa ramani ya njia alizopita na zile alizoziacha. Ramani kama hiyo huchorwa na mtu anayeuona mwanzo na mwisho kwa pamoja. Hapa si suala la kipawa. Hadithi ya Detroit ina makosa yake, na mazungumzo ya The Walking Dead aghalabu ni bora; lakini kwa upana wa matawi, kazi ya mkupuo ina nafasi ambayo ya mafungu haina.

Limebaki suala la fedha, nalo ndilo lililowaumiza watu. Kwa kampuni ndogo mafungu huonekana kama rehema: fungu la kwanza liuzwe, mapato yake yagharimie la pili. Wahenga walisema ahadi ni deni, na katika biashara hii maneno hayo huchukuliwa kwa maana yake halisi, maana mnunuzi wa fungu la kwanza, na zaidi yule aliyelipia yote mapema, amekopesha. Ugumu ni kwamba wanunuzi hupungua kadiri mafungu yanavyosonga mbele. Wengine huchoka, wengine husahau. Wengine wamejifunza kungoja mpaka mafungu yote yatoke, na kadiri wangojao wanavyokuwa wengi ndivyo fungu la kwanza linavyokosa fedha za kuyaleta mengine. Tahadhari ya mnunuzi mmoja mmoja ni ya busara. Ikiwa ya wote, huleta lile lile linaloogopwa.

Telltale waliingia katika mtego huo kwa kasi. Baada ya mafanikio ya mwaka 2012 walianzisha kazi nyingi zilizokwenda sambamba, kila moja ina ratiba yake ya mafungu. Katika The Wolf Among Us wachezaji walingoja fungu la pili tangu Oktoba 2013 hata Februari 2014. Novemba 2017 watu 90 waliachishwa kazi. Tarehe 21 Septemba 2018 karibu wafanyakazi 250 waliambiwa kwamba kazi imekwisha, hali msimu wa mwisho wa The Walking Dead, wenye mafungu 4, umetolewa fungu moja tu. La pili lilitoka siku chache baadaye. Yaliyobaki yalikamilishwa na kampuni ya Skybound, iliyowarudisha baadhi ya waliokuwa wakiitengeneza, nayo yakatoka Januari na Machi 2019. Clementine akapata mwisho wake. Wengi wa waliomtunga walikuwa wamekwisha tawanyika kutafuta riziki kwingine.

Si kila ucheleweshaji huharibu. Kentucky Route Zero, kazi ya Jake Elliott, Tamas Kemenczy na Ben Babbitt, ilitolewa kwa matendo matano kama tamthilia. Tendo la kwanza lilitoka Januari 2013 na la tano Januari 2020. Baina ya la nne na la tano ilipita miaka mitatu na zaidi. Hadithi yake ni ya Conway, dereva wa lori anayepeleka mzigo wa mwisho wa duka la vitu vya kale, na ajabu yake ni kwamba jambo linaloiandama kazi nzima ni deni. Watu watatu waliweza kuchelewa kiasi hicho kwa kuwa hawakuwa na mamia ya mishahara ya kulipa kila mwezi.

Wengi wengine wameiacha njia hiyo. Life is Strange ya Dontnod, iliyowaweka watu wakibuni mwisho wake tangu Januari hata Oktoba 2015, ilifuatwa na mfululizo wa pili uliochukua zaidi ya mwaka, tangu Septemba 2018 hata Desemba 2019. Na True Colors ya mwaka 2021, iliyotengenezwa na Deck Nine, ikatolewa nzima, ijapokuwa ndani imegawanywa sura tano. Mgawanyo umebaki kuwa pumziko la msomaji, umekoma kuwa mkopo. Kisha Oktoba 2025 AdHoc Studio, kampuni iliyoanzishwa na watu waliotoka Telltale, ilitoa Dispatch, hadithi ya shujaa wa zamani anayewapangia kazi mashujaa wengine kwa njia ya simu. Mafungu ni 8, yametolewa mawili mawili kila juma kwa majuma manne, tangu tarehe 22 Oktoba hata 12 Novemba, na mnunuzi alilipa mara moja tu. Majuma ya mazungumzo yakarudi. Aliyenunua siku ya kwanza aliijua tarehe ya fungu la mwisho, nayo ilikuwa majuma matatu tu mbele yake.